Kizibo cha Nani?

Kwa sheria ya Kenya, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 ndiyo iliyochora mstari hapo, na mstari huo haujali kama kitu chenyewe ni kidani cha dhahabu au ni chupa ya dawa ya kikohozi. Chupa iliyoingia Lamu mwaka 1890, kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Iliyoingia 1910 ni chupa tu, itie kwenye begi uende zako.

Sasa, chupa haina cheti cha kuzaliwa. Ina kitako, ina tumbo, ina mabega, ina shingo, na ikibahatika ina kizibo. Na katika mwili huo wote, sehemu inayosema umri wake bila kuzungukazunguka ni kule juu: kizibo chenyewe, au mdomo uliotengenezwa kukipokea. Ndiyo maana mnunuzi anayejua kazi yake haanzi kwa kuuliza rangi. Anaanza kwa kuuliza, "Kina kizibo chake?"

Neno "chake" ndilo linalonisumbua.

Mimi ni mwandishi wa kutafuta kazi kwa siku. Chuo niliacha mwaka wa pili ada ilipogoma, nikarudi nyumbani Wiyoni, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa: CV za watu, matangazo ya nyumba za wageni, barua za kuomba basari. Siku hizi naandika pia maelezo ya vitu vya kale vinavyouzwa mtandaoni. Mteja wangu mmoja, ambaye simtaji, hunitumia picha kwenye simu na mstari mmoja wa maagizo: andika kizibo ni asilia, miaka ya 1880. Mimi siandiki mpaka niione chupa kwa macho na niishike. Na kwa kuwa ni msichana wa mtaa, kila mlango wa Wiyoni naingia, mpaka jikoni, mpaka chini ya kitanda ambako chupa nyingi zinaishi.

Wiyoni iko kaskazini mwa mji wa Lamu, ukishaipita ile mitaa ya mawe ambayo watalii wanakuja kuipiga picha. Huku kwetu hakuna jumba lenye zidaka za kupangia sahani za Kichina na vioo. Chupa zetu hazikuwahi kuwa mapambo. Zilikuwa na kazi, na hilo tutalirudia maana ndilo linalofanya swali la kizibo kuwa gumu.

Kwanza tupange maneno. Kiswahili kinatofautisha kizibo na kifuniko, na tofauti hiyo ina maana hapa. Kizibo huingia ndani ya shingo, kinaziba. Kifuniko hukaa juu ya mdomo, kinafunika. Ukiniuliza historia nzima ya chupa katika miaka mia mbili iliyopita, nitakwambia ni safari ya kutoka kwenye kizibo kwenda kwenye kifuniko. Mdomo wa chupa hubadilika kufuata safari hiyo, na mdomo ni wa kioo, haubadilishwi kirahisi. Mtu anaweza kuchopeka kizibo chochote atakacho, lakini mdomo utamsaliti.

Mfano mzuri tunao hapa hapa mjini. Wajerumani walikuwa na posta Lamu kuanzia 1888 mpaka 1891, enzi za mambo ya Witu na wale ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Jengo bado lipo na ni makavazi. Basi mji mzima, ukiona chupa nzito nzito ya rangi ya kahawia, utaambiwa, "Hiyo ni ya Wajerumani wa posta." Stori tamu, na inapandisha bei. Lakini angalia mdomo. Kama una ukingo mnene wa mviringo juu kabisa, ule ambao kifuniko cha soda cha bati hushikilia, stori imekwisha. Kifuniko hicho chenye meno kilibuniwa Marekani na William Painter wa Baltimore, na hataza yake ni ya mwaka 1892. Posta ya Wajerumani ilikuwa imeshafungwa. Hata kuvuka ule mstari wa 1895 kurudi nyuma ni shida, kwa sababu kifuniko cha Painter kilihitaji mashine ya kukibana, na viwanda vya dunia havikubadilisha shingo za chupa zao kwa usiku mmoja.

Nimeona chupa ya namna hiyo ikiuzwa na kizibo cha gome la mti, kile cha rangi ya biskuti kinachotoka Ureno na Uhispania, kimechopekwa vizuri na kupakwa nta nyekundu juu. Kizibo kizee, chupa ya juzi. Mdomo ule haukutengenezewa kizibo.

Kipimo kingine cha haraka ni mshono. Chupa ikitoka kwenye kalibu huacha mstari mwembamba ubavuni, pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Zamani mdomo ulimaliziwa kwa mkono: fundi alilainisha au kubandika kioo cha moto juu ya shingo, akakizungusha kwa chombo, na mshono ukafutika hapo. Michael Owens wa Marekani alipoleta mashine ya kutengeneza chupa yenyewe kwa yenyewe mwaka 1903, mshono ukaanza kupanda mpaka juu na kuvuka mdomo. Washa tochi ya simu, pitisha kucha. Ukucha ukikwaruza mstari mpaka kileleni, chupa ni ya mashine, na hakuna kizibo kitakachoirudisha karne ya 19.

Kuna aina moja tu ya kufunga chupa ambayo sijaona mtu akiighushi kwa urahisi, nayo ni ya gololi. Mwingereza Hiram Codd aliipatia hataza mapema miaka ya 1870. Shingo imebanwa katikati, ndani mna gololi ya kioo, na chini ya mdomo mna mfereji wa kukalia pete ya mpira. Chupa ilijazwa soda ikiwa kichwa chini. Gesi iliposukuma, gololi ikakimbilia kwenye mpira na kuziba. Kunywa, unaisukuma gololi kwa kidole au kijiti, inadondoka mpaka pale penye mbano, inakaa kando, unamimina. Chupa hizi zilizunguka bandari za Bahari ya Hindi, na India zinanywewa mpaka leo kwa jina la goli soda. Ukilisikia hilo goli na ukafikiria gololi yetu, unaelewa mwenyewe.

Uzuri wake ni huu: gololi ilitiwa ndani kabla mdomo haujabanwa, kioo kikiwa bado cha moto. Ni kubwa kuliko tundu. Haiingii wala haitoki. Kwa hiyo chupa nzima ya Codd yenye gololi ina gololi yake, kwisha. Ikiwa gololi haipo, basi shingo imevunjwa, na tunajua nani aliivunja: mtoto, popote duniani, aliyetaka kwenda kuchezea gololi. Ndiyo sababu shingo zilizovunjika ni nyingi kuliko chupa nzima. Chupa za Japani za leo zinazofuata mtindo huo zina kichwa cha plastiki, kwa hiyo hazitakuchanganya. Unachopaswa kukitilia shaka ni ile pete. Mpira wa zaidi ya miaka mia katika hewa ya chumvi ya Lamu unakuwa mgumu kama kwato, umepasukapasuka, au umekwisha kabisa. Ukikuta pete nyeusi laini inayonyumbuka, mtu aliiweka majuzi. Si dhambi, lakini isiandikwe kwamba ni ya asili.

Chupa za kufungwa kwa waya, ambazo Charles de Quillfeldt alizipatia hataza New York mwaka 1875, nitazipita haraka. Kwa hewa ya huku, waya ndio shahidi. Waya wa zamani unakuwa umeliwa na kutu na kuacha doa la kahawia shingoni, penye kioo. Ukikuta waya unang'aa na kioo hakina doa popote, umejua. Na zile za parafujo kwa ndani, za Henry Barrett wa mwaka 1879, zenye kizibo cheusi cha mpira mgumu: usishtuke ukikuta jina la kampuni kwenye kizibo halifanani na la chupa. Viwandani chupa zilirudishwa zikaoshwa, vizibo vikachanganyika vingali kazini. Hapo mchanganyiko ni historia halali.

Manukato ndiyo habari yenyewe.

Nyumba za Lamu, za mawe na za makuti, hazikosi chupa ndogo ya halud au ya mafuta ya udi, na ile ya zamani ina kizibo cha kioo. Chupa ya namna hii haikuzibwa kwa gome, mafuta yangelila. Fundi alichukua kizibo na shingo, akatia unga wa kukwaruza na maji katikati yake, akazungusha mpaka kioo kikasagana na kioo na viwili vikakubaliana. Baada ya hapo kizibo kile kilikuwa cha shingo ile tu. Mafundi wengine walikwaruza namba moja kwenye kizibo na namba ile ile kwenye chupa, visije vikapotezana katika rafu. Ukiipata namba na zikalingana, kazi yako imekwisha, nenda kanywe kahawa.

Mara nyingi haipo. Basi unafanya hivi. Tia kizibo taratibu, ukizungushe kidogo bila nguvu. Kikicheza upande mmoja na kubana upande mwingine, hicho si chake. Kisha kitoe uangalie eneo lililosagwa, lile jeupe lenye ukungu. Eneo la kizibo na eneo la ndani ya shingo yanapaswa kulingana kwa urefu. Kizibo kilichosagwa kidole kizima ndani ya shingo iliyosagwa nusu kidole kilikuwa kwenye chupa nyingine. Angalia pia mikwaruzo inaelekea wapi. Msago wa fundi unazunguka shingo kama pete, pete juu ya pete. Mtu aliyekipunguza kizibo kwa msasa wa dukani ili kipite, mikwaruzo yake inapanda na kushuka ovyo, na weupe wake ni weupe wa jana. Msago wa zamani umekunywa mafuta. Una rangi ya kijivu au ya manjano, na ukiupashia kidole joto unatoa harufu.

Halafu kuna pete ya mafuta. Kizibo kikikaa miaka mingi shingoni, mafuta huganda chini yake na kuacha mstari pale ncha yake inapofika. Rudisha kizibo, ulinganishe. Ncha ikisimama juu ya mstari, au ikiuvuka, kizibo hiki si kile kilichouacha. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote maana hakuna anayekumbuka kukighushi.

Rangi nayo inasaidia, lakini kwa tahadhari. Zamani walitia manganizi kwenye kioo ili kiwe cheupe, na kioo hicho kikipigwa na jua miaka mingi kinageuka zambarau hafifu. Chupa ya zambarau yenye kizibo cheupe pe inatia shaka. Lakini vizibo vingine vilimiminwa kutoka tanuri jingine tangu mwanzo, kwa hiyo rangi peke yake isimhukumu mtu. (Na kama kizibo kimekwama, tafadhali, usikigonge wala usikimwagie maji ya moto. Tone la mafuta ukingoni, usiku mzima, kisha uzungushe kwa subira. Chupa iliyovumilia miaka mia haitaki papara yako.)

Kwa nini vizibo vya kuazima ni vingi hivi? Kwa sababu sakafu zetu ni ngumu na kizibo cha kioo kikianguka mara moja kimekwenda. Chupa inabaki. Upande wa pili, chupa ikivunjika kizibo kinabaki, na wenye maduka wana vikapu vya vizibo yatima. Mtu akikaa na kikapu mchana mmoja na msasa mkononi, jioni ana chupa sita "kamili". Wafanyabiashara wa vitu vya kale Ulaya wana jina la kitu kama hicho, wanakiita ndoa. Ndoa ya bila posa na bila mahari, nadhani, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Mpaka hapa mambo yamenyooka. Kizibo ama kilitoka kiwandani na chupa hii, ama hakikutoka. Vitabu vya wakusanyaji vinaishia hapo. Shida yangu ni kwamba chupa nyingi za Wiyoni haziingii katika mafungu hayo mawili.

Mama mkubwa ana chupa ya pembe nne, kijani cha kukaribia weusi, mabega mapana na kitako chembamba kuliko mabega. Ni umbo la chupa za jini za Waholanzi, zilizofanywa za pembe nne ili zijipange sandukuni bila kuacha nafasi. Mdomo wake umemaliziwa kwa mkono, mshono haufiki juu. Jini hiyo aliinywa nani, hatujui na hatuulizi. Katika ukoo wetu haikuwahi kutiwa kingine ila mafuta ya simsim. Ilikuja na bibi mzaa mama kutoka bara, miaka ya Vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, wakati familia nyingi za Kibajuni zilipoacha vijiji na mashamba na kuingia visiwani na walichoweza kubeba. Bibi alibeba watoto, mkeka, na chupa ya mafuta iliyojaa.

Kizibo chake ni kipande cha mkoko kilichochongwa kwa kisu, kikazungushiwa kitambaa cha kaniki. Kichwa chake kimeng'aa kwa viganja. Kitambaa kimegandamana na mti mpaka huwezi kusema kimoja kinaishia wapi, na nyuzi zake zimeacha alama yake ndani ya utando mweusi wa mafuta shingoni.

Mteja wangu aliiona kwenye picha. Akaandika: chupa safi sana, waambie watoe hilo tambara, nitaleta kizibo cha asili.

Fikiria hilo kidogo. Kizibo cha asili cha chupa ya jini kilikuwa kipande cha gome. Kilitengenezwa kitolewe kwa kizibuo, kitupwe, na pengine kilitupwa siku ile ile ya kwanza. Hakuna aliyekuwa nacho. Atakacholeta yeye ni gome kutoka chupa nyingine, au gome jipya lililochemshwa kwenye majani ya chai ili lionekane zee. Angetoa kitu kilichokaa kwenye chupa hiyo tangu kabla ya mama yangu kuzaliwa, akaweka kitu kilichoingia jana, kisha mimi niandike "asilia" chini ya picha.

Nilimweleza mama mkubwa habari hiyo yote, pamoja na bei. Wazee wa huku hawasemi chupa, wanasema tupa. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, kisha akasema, "Mwanangu, tupa ni ya Mzungu. Kizibo ndicho chetu."

Baada ya hapo nilianza kuangalia vizibo vya Wiyoni kwa jicho jingine. Gunzi la muhindi lililokatwa kwa kipimo. Kipande cha kumbi la nazi kilichosokotwa kikabana kama mpira. Karatasi ya gazeti, kitambaa na nta. Mtu akija na orodha ya hataza za London na Baltimore, vitu hivi haviko, lakini chupa ilifanya kazi wiki chache kwa kizibo cha kiwandani na miaka sitini kwa kizibo cha kumbi.

Na wanaochimba ardhi hawatatusaidia. Neville Chittick alichimba Manda, ng'ambo yetu tu hapa, na Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980. Wote wawili walikuta vipande vya vyombo vya kioo katika tabaka za tangu karne ya 9, vilivyokuja na biashara ya Ghuba. Kioo kinakaa ardhini miaka elfu. Mti, kitambaa na kumbi vinaoza. Kwa hiyo tuna miaka elfu na zaidi ya chupa kwenye pwani hii, na upande wa jinsi watu walivyozifunga karibu hatuna kitu. Kilichobaki ni hivi vilivyo jikoni sasa, ambavyo mnunuzi anaviita tambara.

Lakini hapa pana mtego, na lazima niuseme. Watu wakishajua kwamba kizibo cha kienyeji kina thamani, watachonga. Mkoko upo, kaniki ipo, mafuta yapo. Kwa hiyo kizibo cha nyumbani nacho kinataka kupimwa, na kwa ukali ule ule. Kizibo cha mti kilichotumika kweli hakibaki duara. Kinachukua umbo la shingo, na shingo ya chupa ya kupuliziwa kwa mdomo haiko duara kamili, kwa hiyo kina upande wake mmoja tu kinakotulia, ukikizungusha kinagoma. Utando wa mafuta una tabaka, wa chini mgumu kama lami, wa juu unanata. Utando wa kughushi una tabaka moja na unatoka kwa kucha. Na angalia chini ya kitambaa, kwa kunyanyua uzi mmoja tu: mti wa zamani umebonyezwa na kushika alama ya mfumo wa nguo. Mti wa wiki iliyopita ni laini, alama ya kisu bado inaonekana kali.

Siku hizi, nikiandika maelezo, siandiki "asilia" wala "si asilia". Naandika mdomo wa chupa ulitengenezewa nini. Kisha naandika kizibo kilichopo ni cha kitu gani, na kama kimekaa hapo kwa muda mrefu au kimeletwa, na dalili zake. Nikiona mdomo na mshono vinaelekeza kabla ya 1895, naandika hivyo pia, na naandika kwamba kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali. Mstari huo wa mwisho mteja wangu aliufuta mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia achague, maelezo yote au hakuna. Alichukua yote akanilipa nusu. Hatujagombana, bado ananitumia picha.

Chupa ya simsim haikuuzwa. Si kwa ajili ya historia. Mama mkubwa alisema ina mafuta ndani, na chupa za plastiki zinayaharibu ladha. Aliuza ile ndogo ya halud, yenye kizibo cha kioo kinachocheza upande mmoja, na nikaandika kwamba kinacheza upande mmoja na kwamba ncha yake haifiki kwenye pete ya mafuta. Mnunuzi aliichukua vilevile, kwa bei ya chini kidogo. Pesa ilikwenda kwenye mabati.

Nina daftari sasa. Nyumba kwa nyumba, nachora shingo, nachora kizibo, naandika alichosema mwenye nyumba kuhusu nani alikichonga. Majina siandiki, naandika tu "bibi wa mwenye nyumba" au "mumewe marehemu". Mpaka sasa nimefika nyumba kumi na moja. Ya mwisho ni hii: chupa ndogo ya bluu, ya dawa, pembe sita, mshono unaishia shingoni, mdomo wa kizibo cha gome. Ndani mna asali. Kizibo ni gunzi, jipya, limewekwa Ramadhani iliyopita. Mwenye nyumba anasema gunzi hubadilishwa kila Ramadhani, na kwamba mama yake alifanya vivyo hivyo, na kisu cha kulikatia ni kile kile.